Alama za Kigiriki na Kirumi katika Chapa za Nakshi za Urasimi Mpya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Chapa ya nakshi ni kitu gani hasa?

Ni karatasi iliyochapwa kutoka kwenye bamba la shaba, yenye mchoro wa pambo ambalo fundi angeweza kulihamishia kwenye mbao, fedha, lipu, kitambaa au udongo. Seremala wa Paris na sonara wa London walizinunua karatasi hizi kama fundi cherehani anavyonunua kitabu cha mitindo, ili wamwonyeshe mteja na wapate pa kuanzia kazi. Nyingi zilichakaa mikononi mwa wenyewe, zikakatwa vipande au kuingia mafuta ya karakana, na sehemu kubwa ya zile tulizo nazo leo zimesalimika kwa sababu zilifungwa pamoja katika majalada.

Bamba lililosuguliwa likang'aa lilipakwa nta nyembamba, msanii akachora kwa ncha ya sindano hadi shaba ikaonekana, kisha bamba likatiwa katika tindikali iliyokula shaba pale tu nta ilipoondolewa. Wengine waliacha tindikali na kuchonga mistari moja kwa moja kwa patasi nyembamba ya chuma. Wino ulipakwa, uso wa bamba ukafutwa, na karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake hadi ikavuta wino uliobaki ndani ya mifereji. Kwa kuwa picha hutoka kinyume na ilivyochorwa kwenye bamba, mchongaji aliyenakili chapa ya mwenzake kwa haraka aliweza kumfanya askari wa Kirumi ashike upanga kwa mkono wa kushoto. Kosa hilo dogo mara nyingine ndilo linalotuonyesha ni karatasi ipi ilitangulia na ipi iliiga.

Urasimi mpya ni nini, na kwa nini ulizuka wakati ule?

Urasimi mpya, ambao wengine huuita uklasiki mpya, ni mtindo uliotawala sanaa ya Ulaya takriban kuanzia miaka ya 1760 hadi 1830, ukiiga kwa makusudi kazi za Wagiriki na Warumi wa kale. Mtindo uliotangulia, rokoko, ulipenda makombe ya baharini, mistari inayojipinda na mapambo yasiyolingana pande mbili. Kisha ardhi yenyewe ikatoa ushahidi mpya. Uchimbaji wa Herculaneum ulianza mwaka 1738 na wa Pompeii mwaka 1748, miji miwili ya Italia iliyofunikwa na mlipuko wa Vesuvius mwaka 79 BK, na kwa mara ya kwanza watu wakaona kuta, taa, viti na vyombo vya nyumbani vya Warumi jinsi vilivyokuwa siku ile.

Vitu hivyo vilifikia mafundi kwa njia ya chapa. Mfalme wa Napoli aligharimia majalada manane ya michoro ya Herculaneum yaliyotoka kati ya 1757 na 1792. James Stuart na Nicholas Revett walipima majengo ya Athens na kutoa jalada la kwanza la vipimo vyao mwaka 1762. Msanifu majengo Robert Adam akatoa michoro ya kasri la mfalme wa Kirumi Diocletian mwaka 1764, mwaka uleule ambao msomi wa Kijerumani Johann Joachim Winckelmann alichapisha historia yake ya sanaa ya kale. Fundi ambaye hakuwahi kutoka kijijini kwake Uingereza aliweza sasa kuchonga ukanda wa hekalu la Kigiriki kwa kipimo sahihi.

Mafundi walijuaje maana ya alama hizi? Je, wote walisoma Kigiriki na Kilatini?

Wengi hawakusoma, na hawakuhitaji. Walikuwa na vitabu vya alama. Kilichokuwa baba wa vyote ni kile cha Mwitalia Cesare Ripa, kilichotoka Rome mwaka 1593 bila picha na kutolewa tena mwaka 1603 kikiwa na picha, ambamo kila wazo, kuanzia Haki na Subira hadi Husuda, limepewa umbo la mtu, mavazi yake na vitu alivyoshika. Katika zama za urasimi mpya kazi hiyo ilivalishwa nguo mpya: George Richardson alitoa toleo lake kwa Kiingereza mwaka 1779. Kabla yake, mwaka 1768, Mfaransa Jean-Charles Delafosse alikuwa ametoa mfululizo wa chapa ambamo elementi nne, majira manne ya mwaka na sehemu nne za dunia zimegeuzwa kuwa makasha, fremu na mitungi ya mapambo. Delafosse ananivutia kuliko wengine kwa sababu kwake maana na umbo havitenganishwi: maji hayachorwi juu ya mtungi, mtungi wenyewe hujengwa kwa vitu vya majini.

Kwa nini kuna mafuvu ya ng'ombe kati ya maua mazuri?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake msomaji wa Kiswahili huenda analo tayari bila kujua. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 14, watu wa Listra walipoona kiwete ameponywa walimwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, na kuhani wa Zeu akaleta ng'ombe na mashada ya maua malangoni, akitaka kuwatolea dhabihu. Ng'ombe na mashada: hivyo ndivyo vitu viwili tunavyoviona vimechongwa ukutani. Mnyama wa sadaka alipambwa kwa maua na utepe kabla ya kuchinjwa, na baada ya ibada kichwa chake kiliweza kutundikwa mahali patakatifu, ambako jua na mvua vilikiacha mfupa mtupu huku mashada mapya yakiendelea kuning'inizwa kando yake.

Wachongaji wa Kirumi waliligeuza jambo hilo la kawaida kuwa nakshi ya mawe. Mfano unaojulikana zaidi uko Rome, katika Madhabahu ya Amani ya mfalme Augusto iliyowekwa wakfu mwaka 9 KK: upande wa ndani, mashada mazito ya matunda yanatoka kwenye fuvu moja hadi jingine, utepe unapepea kutoka pembeni, na juu ya kila shada imewekwa sahani ya duara ya kumiminia sadaka ya kinywaji. Wasanii wa karne ya 18 waliichukua nakshi hii ya fuvu, shada na sahani na kuieneza kila mahali, kuanzia juu ya milango hadi kwenye meko na bakuli za fedha. Ukikuta duara tupu lenye mistari kama miale katikati ya pambo la Robert Adam, usidhani ni ua tu, kwa maana mara nyingi asili yake ni sahani ileile ya sadaka.

Je, mwenye nyumba wa London alikuwa na nia ya kuabudu? La hasha. Ila pambo lilibeba hisia ya ibada, ukarimu na utulivu, na katika chumba cha kulia maana ya sadaka ilikaa vizuri karibu na meza iliyojaa chakula.

Nianzie wapi nikitaka kuzitambua alama za miungu?

Anza na vitu walivyoshika, kwa kuwa sura zao hufanana mno. Apollo, mungu wa muziki na mashairi, hujulikana kwa lira, chombo cha nyuzi cha jamii moja na nyatiti ya Wajaluo. Pia kwa kigoda cha miguu mitatu, ambacho kilitumika katika hekalu lake la Delphi, na kwa upinde. Bacchus ana fimbo yenye koni ya msonobari kichwani, majani ya mzabibu, chui na vinyago vya maigizo. Venus ana njiwa, waridi na kombe la baharini. Mwanawe Cupid ana podo la mishale. Bundi ni wa Minerva, tausi ni wa Juno, tai na radi ni vya Jupiter, na pomboo akiwa na mkuki wa meno matatu ni vya Neptune. (Nimetumia majina ya Kirumi kama wachapaji wengi wa wakati ule walivyofanya, Jupiter ndiye Zeu wa Wagiriki, na Mercury ndiye Herme.)

Alama moja inahitaji uangalifu. Fimbo ya Mercury ina nyoka wawili na mabawa, na katika chapa za nakshi ilimaanisha biashara, ujumbe na ufasaha wa kusema. Fimbo ya Asclepius, mungu wa tiba, ina nyoka mmoja tu na haina mabawa. Hiyo ndiyo tunayoiona kwenye magari ya wagonjwa. Zimechanganywa mara nyingi, hata na taasisi za afya, lakini mchoraji wa mwaka 1770 aliyeweka nyoka wawili juu ya mlango wa mfanyabiashara hakuwa akimtakia afya njema.

Baada ya kukitambua kitu kimoja, tazama kilichofungwa pamoja nacho. Lira peke yake inaweza kuwa pambo la chumba cha muziki na basi. Ikifungwa na kinyago na fimbo ya Bacchus, tumeingia katika tamthilia. Ikikaa juu ya miale ya jua, Apollo anasimama kama mungu wa nuru. Kwa maoni yangu kosa kubwa la wasomaji wa leo ni kuishika alama moja, kuitafutia maana katika orodha, na kuacha jirani zake wote bila kuulizwa.

Je, kuna mfano wa chumba kizima kilichosimulia jambo moja?

Upo, na mwenyewe alitueleza alichokusudia. Thomas Hope, tajiri aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1769 katika ukoo wa wenye benki, aliipamba nyumba yake ya Duchess Street jijini London kisha mwaka 1807 akachapisha michoro ya vyumba na samani zake pamoja na maelezo. Chumba kimoja kilijengwa kuzunguka sanamu ya marumaru ya John Flaxman, inayomwonyesha Aurora, mungu wa kike wa alfajiri, akimchukua kijana Cephalus aliyempenda.

Hope alitaka chumba chote kiwe ile saa ya kupambazuka. Chini bado ni usiku: meza ya marumaru nyeusi ina medali za mungu wa usingizi na mungu wa kike wa usiku, ndege wa usiku ametua juu ya nguzo za meko nyeusi, na ukanda wa meko hiyo umetiwa nyota za dhahabu. Ukutani, mapazia ya hariri yaliyokunjamana juu ya vioo yana rangi ya moto inayopaka kingo za mawingu kabla jua halijachomoza, na pindo zake ni za mahameli nyeusi. Ukiinua macho, dari ni ya buluu tulivu, nyota chache hazijazimika, na kati yake yametawanyika mawaridi ambayo Aurora huyamwaga njiani anapopita. Mgeni aliyesimama mlangoni angeweza kusoma kutoka sakafuni hadi darini na kuona usiku ukiisha. Sijui njia bora zaidi ya kumwonyesha mtu kwamba nakshi ni usemi. Sanamu yenyewe bado ipo, katika jumba la sanaa la Lady Lever huko Port Sunlight, Uingereza, ingawa nyumba haipo tena.

Mwenge ulioinamishwa chini una maana gani?

Kifo. Mwenge unaowaka ukielekea juu ni wa ndoa na mapenzi, na hushikwa na Hymen au Cupid. Ukigeuzwa chini, uhai umezimika. Mwaka 1769 mwandishi wa Kijerumani Gotthold Ephraim Lessing alitoa hoja kwamba watu wa kale hawakukichora kifo kama mifupa yenye kutisha, bali kama kijana mtulivu mwenye mwenge ulioinamishwa, ndugu yake Usingizi. Hoja hiyo ilisaidia kubadilisha mapambo ya makaburi ya Ulaya, na mafuvu ya binadamu yakawapisha vijana wenye mabawa na mitungi iliyofunikwa kitambaa.

Karibu na mwenge huo huenda ukamwona kipepeo, kwa sababu neno la Kigiriki *psyche* lilimaanisha roho na pia kipepeo. Nyoka aliyeuma mkia wake mwenyewe ni umilele.

Je, kila jani na kila mstari una maana iliyofichika?

Hapana, na ninasisitiza jambo hili kwa sababu mitandaoni kila pambo siku hizi linaambiwa kuwa ni alama ya umilele. Ukanda wa mistari ya pembe unaojirudia kama mzingile mwambiji ulipata jina lake kutokana na mto Meander wa Asia Ndogo, ambao hujipinda mno. Katika chapa nyingi ni mpaka wa kupendeza tu. Vivyo hivyo kitawi cha mtende kilichokunjuliwa kama upepeo, na ukanda wa mayai na mishale unaopita chini ya dari.

Jani la akantho lina kisa cha asili yake, jambo ambalo ni tofauti na kuwa na maana. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, anasimulia kwamba msichana mmoja wa Korintho alifariki, naye mlezi wake akakusanya vitu alivyovipenda katika kikapu, akakiweka juu ya kaburi na kukifunika kwa kigae. Mmea wa akantho uliokuwa chini ukachipua majira ya kuchipua yalipofika, majani yakakizunguka kikapu, yakafika kwenye kigae na kujipinda kwenye pembe. Mchongaji Callimachus akapita, akaona, akabuni kichwa cha nguzo ya Kikorintho.

Halafu wapo viumbe visivyo na maelezo kabisa: nusu mtu nusu mmea, mbuzi mwenye mkia wa samaki amesimama juu ya utepe. Vilitoka katika kuta za kasri la mfalme Nero, lililokuwa limefukiwa na kugunduliwa tena Rome mwishoni mwa karne ya 15, vikaigwa na Raphael na wasaidizi wake katika kumbi za Vatican, na chapa za kumbi hizo zikavileta kwa mafundi wa karne ya 18. Vitruvius huyohuyo alikuwa amevilaumu viumbe vya aina hiyo katika siku zake, akisema vitu hivyo havipo, haviwezi kuwapo, na havijawahi kuwapo.

Alama hizi zilitumikaje katika siasa?

Kwa wingi, hasa Ufaransa. Wakati wa Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1789, fungu la fimbo lililofungwa pamoja na shoka, ambalo huko Rome lilibebwa mbele ya viongozi wenye mamlaka, liligeuzwa kuwa alama ya umoja wa raia, na kofia nyekundu ya Kifrigia ikawa ya uhuru.

Napoleon alipojifanya mfalme mkuu mwaka 1804 alihitaji alama ambazo hazikuwa za wafalme aliowarithi. Tai alimchukua kwa majeshi ya Rome. Ua la irisi la ukoo wa Bourbon akaliondoa na kuweka nyuki, kwa kuwa mwaka 1653 nyuki wadogo wa dhahabu walikuwa wamefukuliwa huko Tournai katika kaburi la Childeric, mfalme wa Wafranki wa karne ya 5. Wasanifu wake Charles Percier na Pierre Fontaine ndio waliolipa pambo la utawala huo umbo lake, katika chapa zilizotolewa kwa sehemu kuanzia mwaka 1801 na kukusanywa katika jalada kamili mwaka 1812. Mistari yao ni myembamba, haina vivuli, na kila kitanda au kiti kinaonekana kama kimechorwa kwa uzi.

Afrika ilichorwaje?

Katika mapambo ya sehemu nne za dunia, Afrika ni mwanamke aliyevaa kichwa cha tembo kama kofia, akiwa na nge, simba na pembe ya neema inayofurika nafaka. Picha hii ni ya Kirumi. Sarafu za mfalme Hadrian, aliyetawala kuanzia 117 hadi 138, zinamwonyesha Afrika ameegemea, amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, nge mkono mmoja na pembe ya neema mkono mwingine. Afrika hiyo ilikuwa jimbo la kaskazini, eneo la Tunisia ya leo na jirani zake, ambalo ngano yake iliulisha mji wa Rome. Pembe ile ilikuwa shukrani ya mlaji.

Ripa aliichukua picha ya jimbo na kuifanya picha ya bara zima. Akamvua mwanamke huyo nguo akieleza kwamba nchi yake haina utajiri mwingi, ilhali mkononi amemwachia pembe iliyojaa masuke. Wakati huo Kilwa ilikuwa imekwisha kugonga sarafu zake za shaba karne kadhaa zilizopita. Wachapaji wa karne ya 18 walimrudia mwanamke huyo mara nyingi, huku Ulaya ikiwa na taji kichwani na vitabu miguuni, katika miaka ileile ambayo meli zilikuwa zikiwavusha Waafrika baharini kama bidhaa. Mtu anayezipenda chapa hizi, kama ninavyozipenda, lazima aitazame karatasi hiyo bila kuipamba.

Lugha hiyohiyo ya sanaa ilitumiwa pia na waliopinga utumwa. Mwaka 1787 kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mwingereza Josiah Wedgwood kilitoa medali ndogo yenye umbo la mtu mweusi aliyepiga goti akiwa na minyororo, rangi nyeusi juu ya nyeupe, kwa ufundi uleule uliotumika kutengeneza sura za miungu ya Kigiriki.

Mbona kuna alama za Misri katika kazi zinazoitwa za Kigiriki na Kirumi?

Warumi wenyewe walizileta Rome vitu vya Misri, kwa hiyo aliyechimba Rome alizikuta. Mchongaji wa Kiitaliano Giovanni Battista Piranesi alichapisha mwaka 1769 michoro ya meko ambamo kadhaa ni za Kimisri tupu, zimejaa sanamu na maandishi ya picha ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma wakati ule. Uvamizi wa Napoleon mwaka 1798 na michoro ya Vivant Denon ya mwaka 1802 viliongeza hamu hiyo. Ili kutofautisha asili, mtazame sfinksi: wa Misri kwa kawaida ni mwanamume aliyelala bila mabawa, na wa Kigiriki ni mwanamke mwenye mabawa.

Vifupisho vilivyo chini ya chapa vinasemaje?

Ni vya Kilatini. Jina linalofuatwa na *inv.* ni la aliyebuni, *del.* ni la aliyechora, *sculp.* ni la aliyechonga bamba, na *exc.* kwa kawaida ni la mchapishaji. *Fecit* ni "alitengeneza", na mara nyingi humaanisha mtu mmoja alifanya kazi zaidi ya moja. Visome kila mara, kwa maana sifa ya mbuni maarufu imewafunika wachongaji wengi stadi ambao majina yao yako palepale, upande wa kulia.

Nitajuaje kama chapa niliyo nayo ni ya wakati ule?

Pitisha kidole pembezoni mwa picha: bamba lililogandamizwa huacha alama ya kingo zake, na karatasi ya ndani ya mstari huo huwa imebonyea kidogo. Kisha iinue kwenye mwanga. Karatasi nyingi za wakati ule zina mistari inayotokana na nyaya za kiunzi cha kutengenezea, pengine na alama ya mwenye kiwanda. Picha iliyoundwa na vitone vidogo vilivyopangwa sawasawa ni ya mashine za baadaye.

Hata hivyo, alama ya bamba haitoshi kukuhakikishia mwaka. Piranesi alifariki mwaka 1778, lakini mabamba yake yaliendelea kuchapwa muda mrefu baadaye na yamehifadhiwa Rome hadi leo. Chapa za baadaye huwa na mistari iliyofifia, hasa katika vivuli, kwa kuwa shaba huchakaa kila inapopita mtamboni.

Ninaweza kuziona wapi bila kusafiri?

Jumba la Metropolitan la New York na Rijksmuseum la Amsterdam yameweka mtandaoni picha kubwa za chapa zao nyingi, na unaweza kuzipakua bure. Cooper Hewitt la New York, Victoria and Albert la London na Kunstbibliothek ya Berlin nazo zina makusanyo makubwa ya chapa za nakshi. Tafuta kwa jina la mbuni, kwa mfano Delafosse, Pergolesi au Piranesi, kisha ikuze picha hadi uione mistari yenyewe. Anza na shada la maua, ulifuate hadi mahali linapofungwa, uone limeshikwa na nini.